Saluti ya Osée

Tangu asubuhi kiti kilikuwa kama kina siafu chini ya muzee Josaphat, komanda wa zamani aliyealikwa kwenye hema la kumbukumbu kuwasifu wapiganaji wake waliokufa. Hapa Bunia wanasema vita viliisha. Hayo nenda ukaiambie shingo yake, iliyogeuka kila pikipiki ilipopiga mlio barabarani. Mbele yake alikaa Angèle, mjane wa Osée, amekumbatia picha ya mumewe.

Zamu yake ilipofika, Josaphat alinguruma. “Pale kilimani upande wa Djugu, risasi zilinyesha kama mvua. Nikawaambia: hapana mutu atalala chini! Osée hakulala. Alisimama mpaka mwisho. Yule ndiye mwanaume!”

Makofi yalipigwa. Ndipo askari wa heshima, waliopangwa nyuma ya hema, walipofyatua risasi za saluti hewani bila kumwonya mtu.

Mayowe yakajaa uwanjani. Josaphat alijikuta kifudifudi, mikono kichwani, vumbi mdomoni, kabla hata watoto hawajainama.

Alipoinua macho, Angèle alikuwa angali kitini palepale, na picha yake kifuani. Hakucheka.

“Kumbe weye unajuaka kulala, komanda,” alisema polepole. “Juu ya nini Osée ulimukataza?”