Mstari Uliozimwa Sauti

Kifaru alipoingia saluni, kaka yangu alikuwa kwenye kiti cha kinyozi, shingo juu, povu kidevu kizima. Hakumwona. Mimi nilimwona kwenye kioo nikisuuza kichwa cha mteja, na mkono wangu ukasahau maji yanaelekea wapi.

"Wewe binti, unaniosha nywele au unaniogesha?"

"Samahani, dada."

Kifaru akakaa kwenye benchi, baunsa mmoja ubavuni, mwingine mlangoni. Nyimbo zake zilipigwa mtaa mzima, nani asiyemjua? Akanyoosha kidole kwenye televisheni. "Ongezeni sauti. Nasikia leo wananionyesha."

Ilikuwa filamu ya marapa wawili wanaogombea ufalme. Aliyekaa kwenye kiti cha enzi hata mtoto angejua wamemwiga nani. Anayetaka kumng'oa aliigizwa na kaka, naye ni rapa kweli, ila wa kumbi ndogo.

Filamu yenyewe sikuiogopa. Niliogopa mstari mmoja. Siku ya kurekodi pambano, mwongozaji aliwaambia wasikariri, kila mtu achane mistari yake mwenyewe. Kaka akadhani ni mazoezi. Kwenye mazoezi marapa humwaga uchafu wote, ili jukwaani wabaki na ya kusemeka. Akamtaja marehemu mama yake Kifaru. Kumbe kamera inarekodi. Alimwomba mwongozaji aukate, akajibiwa, "Nitaona." Marapa hutukanana watakavyo, lakini mama aliyekufa haguswi. Mwenzao mmoja alivunjwa taya kwa maneno madogo kuliko hayo.

"Mama, tuweke mpira," nikamwambia mwenye saluni.

"Mpira gani? Nyota mwenyewe kaja kwetu, wewe unataka mpira!"

Kifaru akainama, akamtazama aliyekaa kitini. "Aa! Si ndiye huyu? Mpinzani wangu kafunikwa shuka kama maiti!"

Watu wakacheka. Kaka naye akacheka, meno tu.

"Leo nanyoa mastaa," kinyozi akasema, akanoa wembe kwenye mkanda.

Pambano likafika. Kaka kwenye kioo cha televisheni akashika maiki, akachana, ukumbi ukalipuka. Nikaijua pumzi aliyovuta kabla ya mstari ule. Midomo yake ikacheza, sauti ikazimwa, likabaki "tiii" refu. Kisha shangwe.

"Hapo wamembana!" kinyozi akacheka. Akacheka peke yake.

Mimi nikaanza kupumua. Nilipumua mapema.

"Rudisha," Kifaru akasema.

"Televisheni hairudi nyuma, mkubwa," mwenye saluni akamjibu.

Kifaru akainuka, akasimama nyuma ya kiti, akamtazama kaka kwenye kioo. "Hapo ulisema nini?"

Wembe ulikuwa kooni. Kinyozi aliusimamisha, hakuutoa.

"Ni maneno ya kuigiza tu, mkubwa," nikadakia. "Hata hayakumbuki."

"Nimemuuliza yeye, dada."

Hakunigeukia. Nikamwomba Mungu kaka adanganye, maana uongo anaujua. Koromeo likapanda na kushuka chini ya wembe.

"Nilimtaja mama yako," akasema. "Nilisema ulikuwa jukwaani unapokea tuzo, yeye wodini anaita jina lako."

Mteja wangu akainuka na povu lake kichwani, akatoka nje bila taulo.

"Nani alikuambia aliniita?"

"Hakuna. Nilitunga."

Kifaru akashika mgongo wa kiti. "Aliniita," akasema. "Muuguzi aliniambia. Sijamwambia mtu." Akaivuta shuka kutoka shingoni mwa kaka. "Inuka. Twende ukamwambie mwenyewe."

"Nimwambie nani?"

"Mama yangu. Makaburini."

Kaka akainuka shavu moja limenyolewa. Hakuna aliyenialika. Nikawahi kuingia garini mwa Kifaru kabla mlango haujafungwa.

"Na wewe nani?" baunsa akaniuliza.

"Dada yake."

"Mwache," Kifaru akasema.

Gari likaondoka. Nilikuwa natazama kila kona tunayokata, nikijiuliza kama makaburi ni makaburi kweli. Yalikuwa ya kweli. Mabaunsa wakabaki getini. Kaka akapiga magoti, akamwomba radhi marehemu, akimwita mama.

"Endelea," Kifaru akasema kaka alipomaliza.

Akaendelea. Akasema ameongopa kwa kutafuta makofi, hakujua kitu, na mwanawe asihukumiwe kwa hilo. Mimi nilikuwa naangalia mikono ya Kifaru. Ilikunja ngumi, ikakunjua. Mwishowe akaketi chini mavumbini na suruali yake ya bei, akatugeuzia mgongo.

"Ondokeni kabla sijabadili nia."

Kaka alitaka kukimbia. Nikamkamata shati.

"Tembea," nikamnong'oneza. "Tembea hivyohivyo."

Tukawapita mabaunsa. Hawakusogea. Nyuma yetu sikusikia hatua ya mtu, wala sikuliachia shati la kaka mpaka tukafika barabarani.