Kinorwei cha Mwamini

Mbuzi wa kwanza kuamrishwa kwa Kinorwei katika ufuo wa Rumonge alikuwa beberu wa Hadji muuza mawese, naye hakuamrika. Mwamini alisimama mbele yake, mikono kiunoni, akamwambia, "Kom hit." Maana yake njoo hapa. Beberu aliendelea kutafuna kipande cha mkeka kwa utulivu wa mwenye cheo.

"Unamwita kama unaazima chumvi," alisema Amisi, mwalimu wake, aliyejilaza kwenye kivuli cha tanga lililoanikwa. "Kaza sauti, dada. Bwana wangu akilisema neno hilo, mishipa ya shingo ilisimama."

Amisi alimpikia nahodha wa Kinorwei kwa miaka mingi huko Ujiji, na kwa sababu hiyo ndiye aliyekuwa chuo kizima cha lugha hiyo upande huu wa ziwa. Alitaka kuanzia kwenye viazi na vitunguu. Mwamini alimkatiza siku ile ile.

"Mimi simpikii mtu, kaka Amisi. Nasokota kamba. Nikatie maneno kwa kipimo changu, kama fundi anavyokata kanzu. Njoo, shika, vuta. Viazi baki navyo."

Haraka yake ilikuwa na sababu. Kampuni moja ya Wadachi wa Ujerumani ilikuwa ikiunda mashua kubwa ufuoni, na fundi mkuu, Halvor, alikuwa Mnorwei asiyejua Kiswahili hata cha kuombea maji. Kila neno lilipitia kwa Abdulhamid, mkalimani aliyesema naye kwa Kidachi, ambaye shemeji yake naye aliuza kamba. Mwamini alipopeleka kamba zake za nyuzi za mchikichi, Abdulhamid alinong'ona kidogo, fundi akatikisa kichwa, na kamba zikarudi bila kuguswa. Zingerudi tena, ingembidi aache kazi, ahamie Muhuta kwa mjomba, akale kwa hisani na kulea watoto wa wengine. Mwamini alikuwa amewaona watoto hao. Aliona heri Kinorwei.

Basi alisoma. Aliwafokea kuku, akaifokea mitumbwi, akawafokea samaki wadogo wa ndagala walioanikwa mchangani, mpaka majirani wakaanza kuulizana, kwa adabu zote, amepandwa na jini wa kabila gani. Siku beberu alipouacha mkeka akaja, Amisi alitangaza kwamba mwanafunzi amehitimu.

Asubuhi iliyofuata walikwenda pamoja, Mwamini na bunda lake la kamba begani. Abdulhamid aliwazuia chini ya mwavuli wake.

"Mama, habari hii tuliimaliza."

"Wewe uliimaliza."

Alimpita, akavuta pumzi, akamkabili Mnorwei.

"Kom hit."

Nyundo zilinyamaza. Askari aliyekuwa kwenye mbao alishika kiboko chake. Watu wawili walishtuka: Halvor, aliyeinua kichwa kama mtu aliyeitwa na mama yake, na Amisi, ambaye mgongo wake ulikuwa umenyooka na miguu imekwisha kupiga hatua mbele kabla yeye mwenyewe hajajua.

Mwamini aliiona hatua hiyo. Hakuwa amewahi kujiuliza maneno haya yalimwingiaje mwalimu wake. Neno la pili lilikuwa tayari mdomoni, limenolewa kwa hasira za nahodha yule. Alilimeza kidogo, kisha akalitoa kwa sauti yake mwenyewe, ya chini, isiyorudi nyuma.

"Hal," alisema, akimpa ncha ya kamba. Vuta.

Halvor alimwashiria askari atulie. Aliifunga kamba kwenye nguzo, akaivuta, akajitupa nyuma kwa uzito wake wote. Kamba ililia, haikukatika. Alizigusa nyuzi kwa kidole gumba, akampita Abdulhamid kwa macho, akamwambia Mwamini maneno machache ya upole, yaliyopanda mwishoni.

"Anasemaje?"

"Anauliza kitu," alisema Amisi.

"Kitu gani?"

"Sijui, dada. Yule wangu hakuwahi kuniuliza kitu."

Abdulhamid alikohoa, akafungua kinywa. Mwamini alimwambia anyamaze, kwa Kinorwei, bila kugeuka. Kisha akaketi juu ya bunda lake, akamwashiria fundi arudie, polepole, na akapapasa mchanga pembeni yake.

"Kaa, kaka. Hili hatulijui sote."

Amisi alimtazama fundi kwanza, kama mtu anayengoja kuamrishwa. Kisha akakaa.