Jamu ya Enid na Neno la Muriel

Jamu ya plamu ya Enid Thwaite iliondolewa mezani kabla watu hawajamaliza chai. Mwamuzi alionja kijiko kimoja, akaigeuza chupa, akaona nembo ya kiwanda kitakoni. Kuleta jamu ya dukani kwenye maonyesho ya kijiji, huko Yorkshire, ni aibu ya kumhamisha mtu. Enid alikuwa ameshindana miaka thelathini na moja, na sasa kamati ilitaka kumfuta katika chama cha washindani.

Hakuogopa sana. Muriel Garside, rafiki yake tangu shuleni, alikuwepo jikoni plamu zilipochemka, na ndiye aliyeibeba chupa hadi ukumbini. Shahidi gani tena?

Muriel akasimama, mkoba kifuani. "Jamani, Enid si mnamjua? Huyu ni inosenti, maskini."

Neno hilo, ambalo sisi tunawabatizia wavulana, Waingereza wamelipa sura mbili. Wakilitumia kama sifa, huna hatia. Wakikuita hivyo kama jina, basi u mtoto mtupu, hata akili ya kutenda kosa huna. Muriel alichagua hiyo ya pili.

Ukumbi ukacheka kwa huruma.

"Basi yameisha," akasema mwenyekiti, Bwana Pickersgill. "Tumekusamehe, bibie. Mwakani tutakutafutia mtu akusomee masharti."

Muriel akaketi, akanong'ona bila kumtazama. "Yako ilinidondoka mlangoni, mwenzangu. Nikakimbilia dukani, nikabandika karatasi yako kwenye nyingine. Lakini si nimekuokoa?"

Enid angeweza kuyasema hayo hadharani, lakini nani angemwamini? Muriel alishamvua akili mbele ya kijiji kizima, na wote walimtabasamia kama mtoto aliyejikojolea.

Akanyanyuka. "Bwana Pickersgill, usinisamehe."

"Kwani vipi tena?"

"Masharti nayajua. Niliyaandika mimi, mwaka ule ulipovunjika mguu. Andika kwamba nimedanganya kwa makusudi, unifute."

Muriel akamvuta sweta. "Enid, umechanganyikiwa?"

"Niache! Afadhali niitwe mwongo kuliko kuwa mtoto wako."

Bwana Pickersgill alisitasita, akaitafuta kalamu. Enid alisimama palepale mbele yake mpaka alipoliona jina lake limekatwa.