Kidevu Namba Saba

Niseme mapema kabla mtu mwingine hajanisemea: aliyemkimbiza Fundi Saa kwenye kundi ni mimi. Sikubonyeza kitufe cha kumtoa, hapana. Nilifanya utani tu, sentensi moja na kijimkia chake, saa moja na nusu asubuhi, nimesimama jikoni na povu bado liko masikioni. Wanasema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa vyote viwili kwa mpigo, maana utani wenyewe niliuandika kwa dole gumba.

Kundi letu la kwenye simu linaitwa Tia Maji. Ni ile methali: mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Sisi ni watu wa kunyoa ndevu kizamani. Mashine ya chuma inayobeba wembe mmoja, brashi, sabuni ya kusugua mpaka itoe povu zito, na subira. Mtu akiingia na mashine yake ya umeme tunampokea kama anavyopokewa mgonjwa, kwa upole, tukiwa na matumaini kwamba atapona.

Mwanzilishi ni Fundi Saa. Ana kichumba chembamba chini ya ngazi za jengo moja la zamani, na miaka thelathini na nane ametengeneza saa humo humo, goti moja likigusa meza na la pili likigusa ukuta. Kundi lilianza na wateja sita waliomletea mashine za kunyolea za baba zao, skrubu zimekwama. Mwaka wa pili tulikuwa mia mbili thelathini. Mimi niliingia katikati hapo. Nafanya kazi maabara ya maji, nina diploma ya upimaji maji ambayo ofisini haijawahi kumshtua mtu. Lakini siku niliyoeleza kundini kwa nini sabuni ya fulani haitoi povu, kwamba maji ya kwao ni magumu, achemshe kwanza aache yatulie, nikawa profesa. Wakaniita Mpima Maji. Mke wangu aliposikia akasema, "Nimefua na maji haya haya miaka ishirini, leo ndiyo unasema ni magumu?"

Basi, kila Jumamosi tuna shughuli yetu. Anayetaka anapiga picha ya kidevu chake kilichonyolewa asubuhi ile, kuanzia mdomo wa chini mpaka kooni, anamtumia Mama Sabuni pembeni. Mama Sabuni anapika sabuni za kunyolea jikoni kwake na hana ndevu, ndiyo maana tukamwamini: hana upande. Anavipanga videvu kwa namba, anavibandika kundini, sisi tunatoa maoni. Majina yanafichuliwa Jumapili.

Jumamosi hiyo videvu vilikuwa kumi na viwili. Namba saba, jamani. Mikato mitatu imezibwa kwa vipande vya karatasi, na chini ya taya kimebaki kichaka, kama nyasi zinazokwepa fyekeo kwenye mguu wa nguzo. Nikajua ni mgeni. Nikaandika: "Namba saba amenyolewa na kuku. Tena kuku mwenye haraka."

Dereva ndiye aliyenipokea. Huyu anaendesha lori la masafa na ananyoa kwa kioo cha pembeni cha lori lake. Akajibu, "Kuku kipofu!" Mwingine akaongeza, "Kuku kipofu, na lori linatembea!" Tulicheka mpaka chai yangu ikapoa.

Saa tatu kamili ukatokea ule mstari mdogo wa kijivu: Fundi Saa ameondoka.

Hazikupita dakika mbili, Mama Sabuni akanipigia. Hajawahi kunipigia.

"Mpima Maji."

"Naam, mama."

"Namba saba ni Fundi."

Mimi, ambaye hata msibani huwa ninaombwa nikae mbali na wafiwa nisije nikawachekesha, nikaketi sakafuni.

"Mbona hukunizuia?" nikamuuliza.

"Ningekuzuiaje bila kumtaja?" akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshaanza kulia. "Kazi mliyonipa ni kutotaja."

Maji yakimwagika hayazoleki, mimi wa maabara nalijua hilo kuliko wengi. Nikamwandikia Fundi ujumbe wa kuomba radhi, ukakaa na tiki moja. Nikapiga, haikupokelewa. Na kundi lenyewe likaanza kupungua kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Mtu akiuliza kwa nini mashine yake inachubua upande mmoja, hakuna wa kumjibu. Wawili wakagombana juu ya manyoya ya brashi mpaka wakatajiana wazazi. Mmoja akaanza kuleta picha za maua zilizoandikwa asubuhi njema, na mtu akishaanza hayo, ujue kundi linaaga. Walitoka watano watano. Miezi mitatu baadaye tulibaki arobaini na mmoja, na wanaoongea tulikuwa wanne, na sisi wanne hatukuwa na la kuambiana.

Kwenda kumwona Fundi niliogopa. Nilishafika hata kwenye kona ya lile jengo mara tatu, na mara zote tatu nikakumbuka kazi niliyoiacha ofisini.

Mke wangu ndiye aliyekata mzizi wa fitina. Alinikuta Jumamosi moja asubuhi nikinyoa bila kuimba.

"Bwana," akasema, "utani uliufanya mbele ya watu mia mbili. Radhi unataka kuiombea mfukoni?"

"Hapokei simu."

"Ana mlango?"

"Anao."

"Basi chukua hiyo brashi yako uende."

Nikaenda. Nilimkuta amekaa pale pale, kile kioo chake cha kukuzia amekipandisha kwenye paji la uso. Ndevu zimeota nyeupe, ovyo ovyo, kama pamba inayotoka kwenye mto uliopasuka. Ukutani saa zaidi ya thelathini, kila moja na wakati wake, lakini mezani hapakuwa na saa iliyofunguliwa. Mikanda tu na betri. Alikuwa na kibano mkononi anajaribu kuokota skrubu ndogo kama chembe ya mchanga.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Hakuinua uso. "Umekuja kumtafuta kuku?"

Nikakosa pa kuuweka uso wangu. Skrubu ikamponyoka ikaanguka sakafuni, nikainama nikamwokotea. Ikaanguka tena, nikaokota tena. Ya tatu ndiyo nikautazama mkono wake, na nikaelewa. Ulikuwa unatetemeka. Si sana. Ila kwa fundi saa, na kwa mtu anayeshika wembe, kidogo ni kingi.

"Nisamehe, mzee wangu," nikasema. "Sikujua ni wewe."

"Hilo ndilo lililoniuma." Akaweka kibano chini. "Ungejua ni mimi ungesema, aa, Fundi, safi kabisa. Wote mngesema hivyo. Kumbe ukweli naupata siku msiyojua ni wangu."

"Utani wangu ulikuwa mbaya."

"Utani ulikuwa mzuri. Nilicheka kwanza, kabla sijakumbuka ni nani aliyenyolewa." Akajikuna shavu. "Kidevu ndicho kilichokuwa kibaya. Nimewafundisha watu mia mbili kunyoa, halafu nizibe mikato kwa karatasi? Mwalimu wa kuogelea akizama, anarudi bwawani na uso gani?"

Akajikuna tena, mashavu yote mawili, kwa hasira.

"Zinawasha?" nikauliza.

"Zinawasha mpaka rohoni."

"Basi nikunyoe."

Hapo ndipo akaniangalia. "Kidevu hiki hakijaguswa na mkono wa mtu tangu baba yangu aliponifundisha."

"Kichwa kitakuwa chako. Mimi ni mkono tu. Wewe unasema, mimi natii."

"Wewe? Utii?"

"Leo tu."

Akafikiri kwa muda mrefu, ingawa kwa muda gani hasa siwezi kusema, kila saa pale ina lake. Halafu akavuta mtoto wa meza akatoa bakuli la sabuni, taulo, na mashine yake ya zamani iliyofutika rangi kwenye mpini. Nikachemsha maji.

"Mama Sabuni anataka kujua kama uko hai," nikamwambia. "Niwashe video, kundi wakuone?"

"Washa. Wakuone wewe ukiaibika."

Nikaiegemeza simu kwenye saa ya mezani. Nikapunguza ndevu kwa mkasi kwanza, nikamfunika taulo la moto, nikampaka povu. Alifumba macho. Nikaweka wembe shavuni, nikavuta.

"Simama," akasema. "Mpini umeuinua mno."

"Umeonaje na macho umefumba?"

"Nani anaona? Nasikia. Wembe ukikaa sawa unalia kama mtu anayepangusa chumvi mezani kwa kiganja. Huo wako unalia kama kiatu kwenye kokoto. Ushushe mpini. Bado. Bado... hapo! Sikia!"

Nikasikia. Nakwambia kweli, miaka yote ile nilikuwa nimenyoa nikiwa kiziwi. Sauti ilikuwa nyembamba, kavu, tamu, na mzee alitabasamu ndani ya povu lake.

"Saa nayo ni hivyo hivyo," akasema. "Siifungui kabla sijaisikiliza. Macho yana haraka."

Kwenye simu wale arobaini na mmoja walikuwa wameamka. Salamu zilimiminika, shikamoo juu ya shikamoo. Dereva akaandika, "Fundi, na mimi nisikilize!" Alikuwa ameegesha lori mahali, akaweka simu karibu na shavu akaanza kunyoa, akatuma sauti. Nikaifungua Fundi asikie.

Akasikiliza kichwa kikiwa kimeinama, kama anavyosikiliza saa. "Huyu wembe wake una mwezi mzima. Mwambie autupe, anajichuna kama mhogo."

Dereva akajibu, "Wiki sita. Naomba msimwambie mke wangu."

Tulicheka wote, mzee kwa mabega, nami ikabidi nitoe mkono haraka nisimkate. Na sikumkata. Nilipomfuta povu la mwisho akajipapasa taratibu, chini ya taya, pale palipokuwa na kichaka. Akapapasa tena. Alilikunja taulo kwanza mara mbili, vizuri, pembe kwa pembe, kisha akaniambia, "Nirudishe kundini."

Jumamosi iliyofuata Mama Sabuni alibadilisha sheria bila kumuuliza mtu. Picha basi. Sasa tunatuma sauti. Anazipanga kwa namba, sisi tunabahatisha, halafu Fundi anatoa hukumu. "Namba mbili, una haraka, bibi harusi anakusubiri?" "Namba nne, mashine yako kibati cha juu kimekaa upande, fungua ufunge upya." "Namba tisa, maji yako ni magumu, muone Mpima Maji." Na inakuwa kweli! Watu wakaenda kuwasimulia wenzao, wale waliotoka wakarudi kwa aibu mmoja mmoja, wakaja na wageni. Akaingia muuguzi anayewanyoa wagonjwa wodini kwake, na kwenye sauti anazotuma unawasikia wagonjwa wenyewe kwa nyuma wakibishania namba. Wale wagomvi wa manyoya ya brashi walirudi siku moja, wakagombana juu ya jambo jingine, tukafurahi sana. Wiki iliyopita tulikuwa mia tatu na kumi na wawili.

Na mimi kila Jumamosi niko chini ya ngazi na brashi yangu. Mpaka leo hajawahi kunisifu. Akiridhika anasema, "Endelea," basi, na mimi hiyo narudi nayo nyumbani kama cheti.

Jumamosi hii iliyopita nimemaliza, nimemmwagia maji baridi, nimemfuta. Video iko hewani kama kawaida. Akaomba picha moja tu ya kidevu chake, kama zamani, ibandikwe kwa namba saba. Mama Sabuni akaibandika. Dereva akaandika, "Huyu safari hii amenyolewa na jogoo," na wote wakasubiri, roho juu. Fundi akasoma, akacheka mpaka kile kioo cha paji la uso kikamwangukia puani.

Kisha akaninyang'anya brashi.

Akaichovya kwenye maji, akaishusha kwenye bakuli la sabuni. Mkono ukatetemeka, brashi ikatetemeka, na povu likapanda. Kwa nusu dakika likawa zito, jeupe, limesimama kama mlima. Mimi na diploma yangu sijawahi kupata povu kama lile.

"Umeona?" akasema, uso unang'aa. "Kwa hili mkono huu hauna mpinzani."

Akaweka wembe mpya kwenye mashine, akakaza skrubu, mara ya kwanza ikamponyoka, ya pili ikashika. Akasimama. Akanionesha kiti chake, kiti ambacho miaka thelathini na nane hajakikalia mtu mwingine.

"Mwenzako ameshanyolewa," akasema. "Kaa. Tia maji."

Nikamtazama. Hakuwa anatania, na alikuwa anatania. Nikakaa. Magoti yangu yakapata nafasi yake, moja kwenye meza, moja ukutani. Akanipaka povu mpaka masikioni, la moto, linanukia, nikajisikia mtoto. Halafu brashi ikaenda chini na mashine ikaja juu, ikitetemeka kwenye mwanga kama mshale wa sekunde.

"Usiogope," akaninong'oneza. "Leo kuku hana haraka."

Nikageuza jicho moja tu kwenye simu. Wote walikuwapo, mia tatu na kumi na wawili, watu ambao hawajawahi kukosa neno.

"Jamani," nikawaambia, midomo haitikisiki sana, "yeyote aliye karibu na ngazi hizi, namwomba aje tubadilishane kiti. Hata dakika tano tu."

Dereva alikuwa anaandika. Akaacha.