Wanja wa Kusaga Nyumbani

Bibi ndiye aliyekuwa akimpaka mjukuu wake wanja kila asubuhi, macho yapendeze. Jiwe jeusi linalong'aa alilisaga mwenyewe hadi likawa laini kama unga. Mkwewe, mama wa mtoto, hakuona ubaya.

Kisha mtoto akaanza kutapika. Tumbo likawa gumu, na yeye aliyekwisha kujua kutembea akarudi kutambaa. Hospitali wakampima damu, wakakuta sumu ya madini ya risasi.

"Nyumbani kuna rangi inayobanduka ukutani?" daktari aliuliza.

"Hakuna," mama alijibu.

Daktari akamtazama mtoto machoni. "Wanja huu kampaka nani?"

"Mimi," bibi alisema kwa fahari. "Wa dukani siuamini, nasaga mwenyewe."

Daktari akaeleza taratibu kwamba risasi imo kwenye jiwe lile. Mtoto hufikicha macho, halafu hutia vidole mdomoni.

Njia nzima ya kurudi nyumbani mkwe alikuwa na maneno makali kooni. Walipofika, bibi aliketi kitandani bila kuvua viatu.

"Mwanangu," alisema, "kabla ya mumeo nilizaa binti. Naye alitapika hivi hivi, akaishiwa nguvu miguuni. Tukasema degedege. Nilimpaka hata siku ya kumzika."

Mkwe akaketi kando yake.

Mtoto alipata nafuu, ingawa alichelewa sana kuongea. Bibi hakumgusa tena usoni. Akimpakata, alikunja vidole vyake mwenyewe ndani ya viganja.