Miaka Minne ya Gordy

Jarida la kwanza la chuo lilifika Agosti, siku ya Jumanne, limebanwa kati ya bili ya umeme na tangazo la matairi. Juu ya mfuko wa nailoni uliolifunika paliandikwa: Gordon Lasko, Mhitimu wa 1991. Nililisoma nikiwa nimesimama kando ya sanduku la barua, kisha nikalisoma tena.

Gordy, mume wangu, hakusoma chuo. Hata siku moja. Kuanzia 1987 mpaka 1991 alikuwa juu ya mapaa ya watu pamoja na baba yake, Stan, wakipigilia vigae vya lami kwa jua na kwa upepo. Juu ya paa la mama yangu ndiko nilikomwona mara ya kwanza. Nyundo ilimponyoka, ikavunja chungu cha maua hatua moja kutoka mguuni pangu. Nikapiga kelele, "Unataka kuniua?" Akachungulia ukingoni, akasema, "Hapana, nataka unitazame." Basi nikamtazama. Mwaka uliofuata Stan alifariki ghalani kwao, mkono wake ukiwa mkononi mwa Gordy, na mimi nilikuwepo.

Sasa niseme kosa langu, maana ni langu. Mwaka 1998 kiwanda cha karatasi kilitafuta msimamizi. Gordy alikuwa ameendesha mashine yao miaka sita. Akisikia mlio wake tu anajua inaumwa wapi. Lakini fomu ilitaka jina la chuo na mwaka wa kuhitimu. Tukakaa mezani jikoni, kalamu ya bluu mkononi mwangu kwa sababu mwandiko wa Gordy hausomeki, nami nikaandika: Chuo cha Thornquist, 1991. Nilikichagua kwa makusudi. Kilikuwa kimeshafungwa, na jengo la kutunzia kumbukumbu zake lilikuwa limeteketea, kwa hiyo hapakuwa na wa kupigiwa simu. Nilijiona mjanja kweli. Mashine haikuwahi kumuuliza Gordy shahada. Fomu ndiyo iliyouliza, na fomu iliridhika.

Sisi watu wa Wisconsin tunajua vyuo vilivyo ving'ang'anizi. Ukihama nyumba, chuo kitapata anwani yako mpya kabla ya mama yako. Lakini hivyo ni vyuo vilivyo hai, na Thornquist ilikuwa imekufa.

"Kuna mtu anatutania," Gordy alisema, akalitupa jarida kwenye pipa. Nililiokota. Ukurasa wa nyuma, penye habari za wahitimu, nani kaoa, nani kafa, palikuwa na mistari miwili: Gordon Lasko ametimiza miaka kumi na mitano akiwa msimamizi. Binti yake, Twyla, atajiunga nasi karibuni.

Twyla wetu alikuwa na miaka kumi na minane, amemaliza sekondari Juni ile. Hakutaka chuo. Alitaka kuezeka mapaa na mzee Ray, mshirika wa zamani wa babu yake, na alikuwa ameshaichukua nyundo ya Stan kutoka ghalani, ile yenye herufi S.L. mpinini. Kila Ijumaa, tukila samaki wa kukaanga, vita vilianza upya.

"Ngazi!" Gordy alisema. "Nimekulea kwa jasho ili ukapande ngazi?"

"Babu alipanda."

"Babu yako hakuwa na njia nyingine. Mimi nilisoma. Bila shahada ningekuwa wapi leo?"

"Ungekuwa juu, baba, kwenye hewa safi. Si ndani ya kile kiwanda kinachonuka kabichi."

"Marlys, mwambie mwanao."

Nilikuwa na la kumwambia, tena lilikuwa limenijaa mdomoni. Lakini Gordy alinitazama kwa macho ya kuomba, nami nikameza uongo wetu pamoja na samaki. Mpaka leo najichukia kwa ajili ya Ijumaa zile.

Septemba simu ililia tukinywa kahawa ya asubuhi. Mwanamume mchangamfu aliuliza kama hapo ni kwa Lasko. Nilimpa Gordy simu nikitegemea amfokee. Akasikiliza, kisha akacheka kicheko ambacho sikuwahi kukisikia nyumbani mwangu.

"Pengo! Wewe mbwa, bado uko hai?"

Walizungumza nusu saa. Alipokata nilimuuliza Pengo ni nani.

"Tulilala chumba kimoja mwaka wa kwanza."

"Chumba gani, Gordy?"

Akakunja uso, akawaza. "Sijui," alisema taratibu. "Lakini kilikuwa na dirisha la kutazama ziwa."

Tangu siku ile nilianza kumchunguza mume wangu. Alitaja kengele, walimu, baridi ya ukumbi wa kulia chakula. Tulipopita chini ya paa la kanisa aliloliezeka na Stan kiangazi kizima, hakuinua hata kichwa. Kisha nikaona kidole gumba chake cha kushoto. Ukucha wake ulipasuka mwaka 1988 kwa pigo la nyundo ya baba yake, na tangu hapo uliota ukiwa na mfereji katikati. Nimeushika mfereji ule kanisani, hospitalini, kitandani. Sasa ukucha ulikuwa laini. Niliushika mezani, nikausugua, nikausugua tena.

"Vipi?" aliuliza.

"Stan alikufia wapi, Gordy?"

"Hospitalini, si ndiyo? Nilikuwa na mitihani. Walinipigia simu." Akashusha macho, na huzuni yake ilikuwa ya kweli. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

Kila Oktoba vyuo vya kwetu huwaita wahitimu warudi kwa siku moja: gwaride, mpira, watu wazima wenye vitambi wakivaa rangi za ujana wao. Mwaliko wa Thornquist ulifika wenye majina yetu matatu. Nilisema hatuendi. Gordy akasema yeye anakwenda na anamchukua Twyla, akajionee chuo cha baba yake. Nikapanda gari. Ningefanyaje?

Tulifika saa sita mchana, jua kali, anga haina wingu. Majengo yalikuwa hayana madirisha na magugu yalifika kiunoni. Lakini uwanja ulikuwa umefyekwa vizuri, na chini ya bango la 1991 walikaa watu kama arobaini wa rika letu, wamenyoosha nguo, wanatabasamu. Walipomwona Gordy walisimama wote pamoja.

"Lasko!"

Alikwenda mbio. Walimkumbatia, wakamkalisha kwenye kiti kilichokuwa wazi, kiti kimoja tu katika safu nzima. Mwanamke mwenye kisanduku cha beji alimbandika Gordy yake kifuani. Kisha akamgeukia Twyla na ya pili. Jina lilikuwa limeshaandikwa: Twyla Lasko, Mhitimu wa 2017. Miaka minne mbele.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Tumekusubiri. Wewe unatupatia miaka minne tu, na sisi tunakupa maisha."

Twyla alikuwa ameshanyoosha mkono. Mtoto wangu ana adabu, akipewa kitu hupokea. Nikaupiga mkono ule kwa nguvu zangu zote, beji ikaruka majanini.

"Baba yako hakusoma hapa!" nilipiga kelele. "Hakusoma popote! Niliandika mimi, kwa kalamu yangu! Miaka hiyo alikuwa juu ya mapaa na babu yako, na kila unachokijua kuhusu kazi amekitoa huko!"

 Wote arobaini walinitazama bila hasira, wakiendelea kutabasamu. Twyla alimgeukia Gordy.

"Baba?" aliuliza. "Ulikutana wapi na mama?"

Gordy alinitazama kwa upendo. Naapa ulikuwa upendo. "Maktaba," alisema. "Pale, ghorofa ya pili. Aliangusha kitabu."

Nilimshika Twyla mkono, tukakimbia mpaka garini. Gordy alirudi jioni akiwa ameletwa na Pengo, mchangamfu, na koti la chuo begani.

Wiki iliyofuata ilifika bahasha ngumu yenye cheti cha shahada. Gordy alikiweka kwenye fremu na kukitundika sebuleni. Kina muhuri wa dhahabu na sahihi tatu nisizozijua. Lakini jina, Gordon Lasko, limeandikwa kwa wino wa bluu, na mwandiko ni wangu.

Twyla anaezeka mapaa na mzee Ray sasa. Gordy hagombani naye tena. Anasema kila mtu na njia yake, kwa sauti ya mtu aliyesoma. Jumamosi iliyopita binti yetu alikuwa anapigilia vigae vipya kwenye paa la mama yangu, nami nilikuwa nimesimama chini na Gordy. Nyundo ya Stan ilimponyoka Twyla. Ikaanguka hatua moja kutoka mguuni pangu na kuvunja chungu cha maua.

Sikuwaza. Niliinua uso, nikapiga kelele, "Unataka kuniua?" Kisha nikamgeukia mume wangu, nikasubiri jibu lake.

Gordy aliinama, akaiokota nyundo kwa vidole viwili, akaigeuza kutazama zile herufi. Akanishika bega kwa upole.

"Tulia, Marlys," alisema. "Hakukusudia."