Mwandishi Aliye Hai

Kila Jumapili jioni Profesa Elkana Osewe aliketi kwenye runinga akaitetea Katiba, amevaa suti ya bei, akilitamka neno "mwananchi" kana kwamba aliwahi kukutana na mmoja. Metrine alimtazama kwa uchungu. Chuoni alikuwa mwanafunzi wake, na kitabu alichoandika profesa kuhusu haki ya kusikizwa alikisoma hadi jalada likang'oka. Tena alikiamini, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Tangu siku hizo profesa alikuwa ametoka tume hii akaingia ile, na kila serikali mpya ilipoapishwa, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kugundua kwamba Katiba inaiunga mkono.

Sasa walikuwa mahakamani Migori. Kampuni moja iliitaka dhahabu ya Masara, na juu ya dhahabu hiyo kulikuwa na nyumba za watu, ya mama mmoja, Bhoke, ikiwa ya kwanza barabarani. Matingatinga yangekuja Ijumaa. Metrine alikuwa wakili wa Bhoke na majirani zake. Osewe, aliyeteremka kutoka jumba lake la Rodi Kopany kwa gari la vioo vyeusi, alikuwa wakili wa kampuni.

"Mwanangu," Bhoke alinong'ona, "huyu si yule mzee wa TV? Si yeye husema mtu hawezi tolewa kwa nyumba bila kuulizwa?"

"Ni yeye, Mama."

"Sasa mbona amekaa ile side?"

"Ndiko hukaa siku zote. Ni sisi tulikuwa hatujamwona vizuri."

Osewe alisimama, akawaita watu wa Masara wavamizi. Hawana hati, alisema, kwa hivyo hawana cha kusikizwa. Metrine alikifungua kile kitabu kisicho na jalada, akasoma: "Anayevunjiwa nyumba bila kusikizwa ameondolewa utu wake mbele ya sheria, awe na hati au asiwe nayo."

"Nani ameandika hayo?" jaji akauliza.

"Ni mwenzangu aliyeketi pale, Mheshimiwa."

Watu walicheka. Osewe hakuona haya, maana haya ilimhama zamani. Alirekebisha miwani, akatabasamu lile tabasamu lake la Jumapili, kisha akaeleza kwamba kuna mila ya kale ya mawakili: kitabu cha mwandishi aliye hai hakitegemewi mahakamani, kwa kuwa aliye hai anaweza kugeuza mawazo. Husubiriwa afe kwanza.

"Nami, Mheshimiwa, niko hai. Na nimegeuza mawazo."

Metrine alimtazama. Alitafuta hasira ndani yake akaikosa. Alichopata ni dharau, nayo ilimtuliza kabisa.

"Mila hiyo naikubali, Mheshimiwa, na ndiyo maana nimekileta kitabu hiki. Aliyekiandika alikuwa mwalimu wangu. Alifariki, ila sijui ni tume gani iliyomzika. Huyu bwana mimi simjui."

Jaji alimwonya achunge ulimi. Lakini baada ya mapumziko aliyazuia matingatinga mpaka wakazi wa Masara wasikizwe, na katika sababu zake akaisoma ile sentensi neno kwa neno. Bhoke alilia bila kujificha.

Jumapili alimwalika wakili wake nyumbani Masara kwa chai. Runinga ilikuwa imewashwa, na Osewe alikuwa mahali pake.

"Uamuzi wa Migori," alikuwa akisema, "umejengwa juu ya kitabu changu. Watu wa Masara nimewapigania miaka mingi." Mtangazaji akampa hongera.

Bhoke aliweka kikombe chini.

"Wakili, si ulimwambia jaji huyu alikufa?"

"Nilimwambia."

"Na jaji akakubali?"

"Alikubali, Mama."

"Basi asitusumbue kwangu," Bhoke akasema. Aliinuka, akaizima runinga, akarudi kumwongezea Metrine chai.